Kalamu ya Wino Niliyoipokea kwa Mikono Miwili

Sokoni Mahoko, mama anayeniuzia vitunguu aliniuliza harusi ya binti yangu Belise ni lini. Nikamwambia Belise hana mchumba. Akanipimia vitunguu vyangu, akaongeza viwili juu bila kuombwa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wanasema irembo la Belise limeshafungwa, na aliyelifunga ni mimi mama yake, kwa kalamu.

Uvumi huo haukunitoka. Nilikuwa nao kwenye gari, nikawa nao jikoni, na kesho yake kila nilipokanyaga cherehani niliusikia ukizunguka pamoja na gurudumu. Kwa kalamu. Kwa kalamu.

Asiyejua desturi yetu nimweleze. Kabla ya posa, upande wa kijana hutuma watu na kitu cha heshima nyumbani kwa msichana. Kikipokelewa, mlango wa nyumba hiyo, yaani irembo, umeshikwa. Vijana wengine wasibishe hodi tena. Kwa kawaida wazee hukaa, maneno husemwa, watu wakajua kwamba leo jambo limefanyika. Mimi sikujua kwamba kwangu limefanyika.

Naandika haya kwa ajili ya akina mama wenzangu wenye tabia kama yangu ya kuandika kila siku, na kwa yeyote anayejiuliza kama kalamu ya bei kubwa inafaa kwa kazi hiyo. Jina langu ni Mukagasana. Nilisoma mpaka darasa la saba kule Ngara, Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, na kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana mpaka leo nyumbani nazungumza Kinyarwanda na watoto lakini daftari langu ni la Kiswahili. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Nashona nguo hapa Gisenyi, kwenye njia ya kwenda Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa kuingia Goma. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mtoto akichelewa nusu saa namwona tayari yuko hospitali. Nikiandika wasiwasi wangu kwenye daftari, unatulia kidogo. Miaka yote niliandika kwa biki, ile ya kila duka, nimeifunga uzi kwenye cherehani isipotee.

Kalamu ililetwa Jumapili baada ya misa. Aliyeileta ni Kampire, anayevusha unga na maharage kwenda Goma kila siku, shangazi wa kijana anayeitwa Valentin. Valentin anafanya kazi ya karatasi za forodha, anavaa vizuri, anasalimia watu wazima. Kampire alikuja na wanawake wawili wa kwaya. Wakakaa. Akatoa kisanduku cheusi kwenye mkoba.

"Mama Belise, fungua basi. Haina nyoka ndani."

"Ni nini hii?"

"Kadeau. Valentin amekutumia. Anasema kila akipita anakuona umeinama ku daftari, na kabiki kako kamefungwa uzi kama muguu ya kuku ya soko."

Wale wa kwaya wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikapokea kisanduku kwa mikono miwili. Kwetu ndivyo kitu kinavyopokelewa, hata kiwe sindano. Ndani, juu ya kitambaa laini, ililala kalamu ya wino, nzito, ya buluu iliyokolea, yenye kofia ya kuzungusha na ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati. Pembeni kulikuwa na chupa ndogo ya wino.

"Bon, jaribu tuone," Kampire akasema.

"Niandike nini?"

"Andika jina. Andika Valentin, si ni yeye amekupa? Haya. Na ya binti yako hapo kando, tuone vile inapita ku herufi ya B."

Nikafungua daftari, nikaandika Valentin, nikaandika Belise. Kalamu ilipita kama mafuta. Sikuwahi kuona mwandiko wangu ukiwa mzuri hivyo. Kampire akainama, akaupuliza wino ukauke.

"Yewe, mwandiko ya mwalimu. Nipe hii karatasi nimuonyeshe, afurahi."

Nikaichana nikampa. Nasema hivi waziwazi: niliichana mwenyewe, kwa furaha, kisha nikawafungulia fanta. Aliikunja akaiweka pamoja na kibali chake cha kuvukia mpaka, mahali ambapo haweki kitu cha kupoteza. Hata hilo niliona, nikalipita.

Belise aliporudi kazini alikuta kisanduku mezani. Ana miaka ishirini na tatu, anapokea wageni kwenye hoteli kando ya ziwa. Hakukigusa.

"Nani ameleta?"

"Kampire. Ni ya Valentin, lakini amenipa mimi. Ni kalamu tu."

"Mama, Valentin nimemwambia hapana. Mara mbili."

Hilo sikulijua. Akakaa, akaniambia yote. Alikuwa amepata nafasi kwenye shule ya ukunga kule Musanze, masomo yanaanza Septemba. Valentin alimwambia mke wake hatasoma mbali na nyumba, labda baadaye, wakishapata watoto. Si mtu mbaya, alisema, hapigi kelele. Lakini ukimwambia hapana anatabasamu kama umemwambia subiri.

"Irudishe," Belise akasema.

"Nitairudisha."

"Lini?"

"Wiki hii, mwanangu."

Sikuirudisha wiki hiyo. Na sababu haikuwa heshima wala hofu. Sababu ni kwamba kalamu ilikuwa tamu.

Nitaisifu panapostahili. Vidole vyangu viwili vimekakamaa kwa sababu ya mkasi. Biki inataka kukandamizwa, na nikiandika ukurasa mmoja kidole cha shahada kinaniuma mpaka kesho. Kalamu ya wino haitaki nguvu, unaigusisha tu. Wiki ya kwanza niliandika kurasa nne kwa siku bila maumivu. Mtu mwenye vidole vibovu akiniuliza kama kalamu nzuri ina faida, siwezi kumdanganya. Ina faida.

Sasa nisikilize mengine. Daftari la watoto wa shule haliiwezi. Wino unapenya upande wa pili, maneno ya Jumatatu yanachungulia kwenye Jumanne, ikabidi niandike upande mmoja tu. Ukiiacha wazi wakati mteja anavaa gauni la kujaribu, ncha inakauka, unaikwaruza kwenye karatasi haitoki kitu. Ukiibeba kwenye mkoba na kutikisika njiani, unakuta wino umejaa kwenye kofia, na mimi nashona nguo za watu, nyeupe za komunio. Kwa hiyo nikaacha kwenda nayo kazini. Ikawa inakaa nyumbani kabatini chini ya kufuli, na biki nikaifungua kwenye uzi kwa sababu niliona aibu nayo. Mimi niliyekuwa naandika mistari miwili hapa na mitatu pale, kati ya mteja na mteja, nikawa sina cha kuandikia mchana kutwa. Wasiwasi wangu ulibaki kichwani mpaka jioni.

Jambo jingine ni baya zaidi. Jioni moja nilikaa niandike: Sijui kama huyu kijana anamfaa Belise. Nilifika kwenye "sijui" mkono ukasimama. Utamsemaje mtu vibaya kwa kalamu aliyokupa mwenyewe? Nikalikata neno, nikaandika kwamba mvua imenyesha na kitambaa cha Mama Teta kimekamilika. Toka siku hiyo daftari langu likawa la mvua na vitambaa. Mwandiko mzuri sana, na ndani hamna kitu.

Halafu wino ukaisha. Nilizunguka maduka yote ya vifaa vya shule hapa mjini. Wananiangalia. Mmoja akaniletea wino wa mhuri. Valentin alisikia, sijui kwa nani, na Jumamosi akaja na chupa mpya. Mtu akileta kitu unamkaribisha, akikaa unampa chai, na chai inaletwa na msichana wa nyumba. Belise alileta chai, akaweka, akaondoka bila kukaa. Valentin akatabasamu.

"Mama, wino ikiisha usihangaike. Mi nitakuwa naleta."

Akawa analeta. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi. Majirani wanamwona anaingia na kifurushi, anatoka bila kifurushi. Belise akaanza kuomba zamu za Jumamosi ili asikutwe.

"Mama, bado iko kwenye kabati?" ananiuliza.

"Naitafutia siku nzuri ya kuirudisha."

"Kuna siku mbaya ya kurudisha kalamu?"

Na siku ile hasa niliyoamua kuirudisha, nilipoitoa kabatini niisafishe niiweke kwenye kisanduku chake, iliniponyoka. Mikono ilikuwa na sabuni. Ikaangukia ncha kwenye sakafu ya saruji. Haikulia sana, ilisema tik. Nilipoiokota, ile midomo miwili ya chuma ilikuwa imeachana, mmoja umetazama juu na mwingine pembeni.

Kitu cha watu hakirudishwi kimevunjika. Na kununua nyingine sikuweza, kwa sababu nilishamuuliza mwalimu mmoja kalamu kama ile ni kiasi gani, akaitaja, nikadhani anataja bei ya cherehani. Nikairudisha kabatini. Sikumwambia mtu. Valentin akaendelea kuleta wino, nami nikaendelea kupokea, nashukuru, naweka chupa nyuma ya sahani. Akiniuliza kalamu inaandikaje, nasema inaandika vizuri. Wiki saba nilisema hivyo.

Hapo ndipo niliposikia ule uvumi wa Mahoko, siku ya Ijumaa.

Jumatatu nilifunga kazi nikaenda Petite Barrière. Nilimkuta Kampire upande huu wa mpaka, amekalia magunia yake anasubiri wabebaji, amezungukwa na wenzake.

"Kampire, watu wanasema nini juu ya mtoto wangu?"

"Watu wanasema kenye wanaona."

"Uliniambia ni zawadi."

"Kwani kadeau ya vile inapewa mutu bure? Mama Belise, we si mutoto. Ulipokea mikono mbili. Ulifungulia watu fanta. Na ukaandika." Akapapasa mkoba wake. "Karatasi iko hapa. Majina mbili, mwandiko yako, wino yetu. Wazee wameiona, wamefurahi. Wanakuja Jumapili."

"Nilikuwa najaribu kalamu."

Mwenzake mmoja akacheka. "Mimi nikijaribu kalamu nachora tu mistari ya kuzungukazunguka. Huyu anajaribu na mukwe."

"Hata sufuria watu wanajaribu na maji kwanza," mwingine akadakia, "hawaanzi na ndoa."

Walicheka wote, hata mbebaji mmoja aliyekuwa chini ya gunia. Kampire hakucheka. Aliniangalia kwa huruma kidogo, na huruma ile ilinitisha kuliko kicheko.

"Bon. Mimi sipendi muke wa kulazimisha. Kama hamutaki, rudisha kalamu vile ilikuwa, ndani ya kisanduku yake. Nitakupa karatasi yako, mambo iishe. Lakini vile ilikuwa. Unasikia?"

Nilisikia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikuona hata nilipita wapi.

Kwa Jado nilikwenda siku iliyofuata. Jado anatengeneza saa na miwani karibu na soko, ana koleo ndogondogo. Aliiweka kalamu chini ya kile kioo anachobana jichoni, akaigeuzageuza.

"Mama, saa mi natengeneza. Kalamu mi natupa."

"Jaribu, Jado. Nakuomba."

"Nikijaribu ikakatika, hutanililia hapa?"

"Sitalia."

Akaibana kwa koleo, akaisukuma taratibu, mdomo mmoja ukarudi mahali pake. Wa pili ukakatika. Kipande kikaruka kwenye vumbi, tukakitafuta wote wawili na wateja wake, hatukukipata. Sikulia. Jado alikataa malipo.

Mpaka Jumamosi sikumwambia Belise. Ningeweza, tulikaa meza moja kila siku. Nilijiambia labda wazee hawatakuja, labda mvua itanyesha. Mwishowe nilimwambia alipokuwa anapanga nguo zake za kwenda Musanze. Alikaa kitandani na sketi mkononi.

"Toka lini imevunjika?"

"Wiki saba."

"Na wiki saba nakuuliza."

"Niliogopa."

"Mama, na mimi je?" Akakunja sketi, akaifungua, akaikunja tena.

Jumapili walikuja watu wanne: Kampire, Valentin, na wazee wawili wa upande wao. Upande wetu alikaa Karekezi, kaka wa marehemu mume wangu, ndiye msemaji wa nyumba. Mzee mmoja alisema maneno mazuri ya kuanzia, kisha karatasi ikawekwa mezani. Wino haukuwa umepauka hata kidogo. Valentin na Belise, kwa herufi zangu nzuri.

Karekezi akaniuliza, "Shemeji, umeandika wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unamtoa mtoto?"

"Nilikuwa najaribu kalamu."

Mzee wao akatabasamu. "Basi kalamu iko wapi? Kama si ya irembo, iwekwe hapa, turudi nayo. Sisi si watu wa kesi."

Chumba kizima kilinigeukia. Nilikuwa bado naweza kusema imeibwa. Nakiri kwamba neno hilo lilifika mdomoni. Ningesema imeibwa, wangesema basi isamehewe, irembo libaki limeshikwa, harusi Desemba. Nikamwona Belise amesimama mlangoni, hajavaa nguo ya wageni, amevaa viatu vya safari.

Nikaenda kabatini nikaleta kisanduku, nikakifungua mbele yao. Kisha nikaleta chupa za wino kutoka nyuma ya sahani. Tatu, hazijafunguliwa. Nikazipanga pembeni.

"Nimeivunja mwenyewe," nikasema. "Zamani. Nilificha. Mtoto alikataa toka mwanzo, aliniambia niirudishe, ni mimi sikuirudisha. Yeye hakuandika popote."

Valentin aliangalia zile chupa muda mrefu, kuliko alivyoiangalia kalamu.

"Nilikuwa nakuuliza inaandikaje."

"Ulikuwa unaniuliza."

"Na unasema muzuri."

"Nilisema."

"Wakati yote hii niliona kwamba angalau mama ananikubali," akasema, si kwangu, kwa mtu yeyote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila tabasamu, na nilimwonea huruma ya kweli.

Belise akaingia, akapiga goti mbele ya wazee kama inavyotakiwa. "Nawaheshimu," akasema. "Jibu langu ni hapana, lilikuwa hapana kabla ya kalamu. Jumatano nakwenda shule."

Karekezi alivuta pumzi. Akasema amemsikia mtoto, na kwamba yeye kama mzee wa nyumba haozi mtu anayesema hapana akiwa ameshavaa viatu. Upande wetu, akasema, jambo limekwisha. Kalamu wapokee, tutaomba radhi kwa kuivunja.

Lakini hawakuipokea. Kampire alisimama, akaikunja karatasi, akairudisha mahali pake kwenye mkoba.

"Nilisema vile ilikuwa. Hii si vile ilikuwa. Donc karatasi nabaki nayo."

Wakaondoka bila kunywa kitu. Kisanduku kikabaki mezani na chupa tatu.

Belise yuko Musanze sasa, huu ni mwezi wa nne tangu aende. Ananipigia simu Jumapili, ananieleza masomo, haniambii siri. Juzi kijana mmoja wa kwaya aliniuliza habari zake, mama yake akamvuta mkono. Najua aliambiwa nini. Karatasi ipo bado kwenye mkoba wa Kampire, inavuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Kalamu nayo ipo. Siwezi kuitumia, siwezi kuitupa, kwa maana siku wakikubali kuipokea lazima iwepo. Nimeshawaomba mara mbili kupitia Karekezi. Wamenyamaza.

Nimerudi kwenye biki na kidole kinauma. Kwa daftari la kila siku naona inatosha, ila ukiwa na vidole kama vyangu tafuta iliyo nene kidogo, mikononi inashikika.

Mambo ya kuepuka:

Usipokee kalamu ya bei kutoka kwa mtu ambaye ana kijana anayetafuta mke, hata ikiletwa na mwanamke mnayesali pamoja.

Usijaribu kalamu kwa majina ya watu. Chora mistari.

Usichane ukurasa wa daftari lako ukampa mtu.

Usitumie kalamu ambayo wino wake haupatikani mjini kwako.

Usiandikie kalamu ya wino kwenye daftari jepesi la shule.

Usiishike kwa mikono yenye sabuni, wala juu ya saruji.

Usinunue wala kukubali kalamu ambayo ikipotea au kuvunjika utaogopa kusema.

Mtoto akikuambia rudisha, usimwambie wiki hii.